Kicheza Muziki cha Kujiundia Kinapogoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kuunganisha kicheza muziki chake cha kubebeka, akabonyeza kitufe, kisha akakosa alichokitarajia. Nimeuandika nikichukulia muundo ambao wajenzi wengi wa Nairobi huanza nao, kwa kuwa vipuri vyake hupatikana kwa mwendo mfupi wa miguu kati ya Luthuli Avenue na River Road: bodi ya ESP32 au Arduino (kompyuta ndogo inayoongoza kifaa), moduli ya DFPlayer Mini inayosoma nyimbo kwenye kadi ya microSD, seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650, moduli ya kuchaji ya TP4056 yenye ulinzi wa betri, kipandisha volti cha MT3608, spika ya wati 3 na vitufe vitatu. Aliyetumia vipuri vingine atalazimika kubadilisha majina ya pini, lakini mpangilio wa uchunguzi utabaki huo huo.

Mpangilio wenyewe ni huu: chunguza umeme kwanza, kisha kadi, kisha nyaya, na programu iwe ya mwisho kabisa. Wengi huufuata kinyumenyume, wakaupoteza usiku mzima wakiandika upya programu ambayo haikuwa na kosa lolote. Kadi inayokataa kusomeka, wimbo unaokatika katikati na bodi inayojiwasha upya ni dalili tatu zisizofanana, lakini zote zinaweza kutokana na volti iliyoanguka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Multimita (kipimo cha volti) ya bei nafuu inatosha kwa kazi hii, ilmradi betri iliyo ndani yake haijachoka, kwa sababu multimita yenye betri dhaifu huwa na tabia ya kuonyesha volti za juu kuliko zilizopo, na hapo utaisamehe seli iliyokufa.

Kifaa hakiwaki kabisa

Anza kwenye seli na ufuate umeme hatua kwa hatua hadi kwenye bodi. Seli yenye afya husoma kati ya volti 3.0 na 4.2. Ikiwa inasoma vizuri kwenye pini za B+ na B- za TP4056 (upande wa seli) lakini pini za OUT+ na OUT- (upande wa kutolea umeme) hazina kitu, basi mara nyingi chipu ya ulinzi imejifunga. Jambo hili hutokea sana seli inapotiwa kwa mara ya kwanza, au baada ya kuisha hadi kukatwa na ulinzi. Chomeka chaja kwa sekunde chache tu na chipu itafungua njia. Wapo wanaotupa moduli nzima kwa sababu hii, na muuzaji hana sababu ya kuwakataza.

Baada ya hapo pima kipandisha volti. Ikiwa unaingiza volti 3.8 na inatoka karibu volti 3.6, kipandisha hakijaharibika bali hakijarekebishwa. Skrubu ndogo iliyo juu yake huhitaji kuzungushwa mizunguko mingi, mara nyingi kinyume cha mwelekeo wa saa, na katika mizunguko ya mwanzo hutaona badiliko lolote. Fanya marekebisho haya kabla ya kuunganisha bodi. MT3608 inaweza kutoa hadi volti 28, na ESP32 iliyopokea volti hizo haitarudi tena kwa uchunguzi wowote.

Ikiwa TP4056 ilipata moto ghafla seli ilipounganishwa, ncha ziligeuzwa. Moduli hiyo haina kinga dhidi ya kosa hilo, na dawa yake ni kununua nyingine.

Kinawaka, kisha kinajizima na kuanza upya

Hii ndiyo hitilafu inayostahili subira kuliko zote, kwa sababu hujificha nyuma ya sura nyingine. Kifaa huwaka, hucheza wimbo kwa sauti ya chini bila taabu, kisha mtu akiongeza sauti au Wi-Fi ikiwashwa, bodi huanza upya. Ukiunganisha ESP32 kwenye kompyuta na kusoma ujumbe wake, utaona neno brownout, maana yake ni kwamba chipu imeona volti ikishuka chini ya kiwango salama ikajizima yenyewe.

Sababu ya kwanza ni kuunganisha seli moja kwa moja kwenye pini ya volti 5 ya bodi, kwa hoja kwamba volti 3.7 zinatosha kifaa cha volti 3.3. Kidhibiti volti kilichopo kwenye bodi nyingi za ESP32 ni cha familia ya AMS1117, nacho huhitaji takriban volti 1 zaidi ya zile kinazotoa. Kikipewa 3.7, kinachofika kwenye chipu ni chini ya 3. Bodi inaweza kuwaka, hata kuonekana nzima, hadi itakapoombwa kufanya kazi nzito, na Wi-Fi ya ESP32 hudai mkondo unaoruka hadi miliampea mia kadhaa kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana kipandisha volti kinahitajika kwa upande wa bodi.

Sababu ya pili ni nyaya. Nyaya nyembamba za bredibodi (ubao wa kuunganishia saketi bila kulehemu), hasa zile zinazouzwa kwa rundo, huwa na uzi mchache sana wa shaba ndani, na kila kiungo cha bredibodi huongeza upinzani wake. Kipimo cha kweli hupatikana muziki ukicheza kwa sauti ya juu, huku ncha za multimita zikigusa pini za moduli yenyewe badala ya ncha za seli. Ikiwa seli inasoma 3.9 na pini za DFPlayer zinasoma 3.3 kwa wakati huo huo, tofauti hiyo imepotelea njiani, nawe hujawa na sababu ya kuilaumu programu. Fupisha nyaya za umeme, zilehemu, na uweke kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya maikrofaradi 470 hadi 1000 karibu kabisa na pini za DFPlayer.

Sababu ya tatu ni seli yenyewe. Seli nyingi za 18650 zilizo bora hufikia takriban miliampea-saa 3500 au 3600. Kwa hiyo ile iliyoandikwa 9900 haina haja ya kupimwa ili ijulikane kuwa imedanganya. Seli nzuri huwa na uzito wa gramu 45 hivi, na ile inayokaa mkononi kama ganda tupu ni ya kushukiwa. Seli zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizochakaa hupatikana kwa urahisi mjini, na baadhi ni nzuri kuliko mpya za bandia, lakini upinzani wa ndani wa seli kuukuu hupanda, ikasoma 4.1 ikiwa imetulia na kuanguka chini ya 3.4 mara tu spika inapoanza kunguruma. Seli ya namna hiyo haitibiki kwa kapasita.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba DFPlayer hufanya kazi kati ya volti 3.2 na 5.0. Inaweza kulishwa moja kwa moja kutoka OUT+ ya TP4056, huku kipandisha volti kikiihudumia bodi peke yake. Napendelea mpangilio huu. Mzigo wa spika hauipiti tena njia ya bodi, kipandisha hakichoki, na kama tutakavyoona hapa chini, kelele nyingi hupungua.

Taa zinawaka lakini hakuna muziki

Kabla ya kugusa programu, igawe saketi sehemu mbili kwa jaribio moja. Chukua kipande cha waya na uguse pini ya IO_2 ya DFPlayer kwenye graundi (upande hasi wa umeme) kwa muda mfupi, kisha uachie. Moduli ikiwa nzima itapiga wimbo unaofuata bila kuihitaji ESP32 hata kidogo. Muziki ukisikika, basi umeme, kadi, spika na moduli vyote viko sawa, na tatizo liko kwenye mawasiliano au programu. Usiposikika, acha programu kama ilivyo na urudi kwenye kadi.

Kadi inapaswa kufomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 na isizidi GB 32. Kadi za GB 64 huja na mfumo wa exFAT ambao moduli hii haiusomi. Tumia kadi ndogo: GB 4 hubeba takriban nyimbo elfu moja za dakika nne zenye ubora wa kawaida wa kilobiti 128, na hakuna safari ya matatu kutoka Rongai, hata siku ya mvua, inayohitaji zaidi ya hizo. Kadi bandia ni tatizo la pekee: kompyuta huonyesha GB 32 wakati nafasi halisi ni sehemu ndogo ya hiyo, kwa hiyo nyimbo za mwanzo hucheza na za baadaye hunyamaza au hutoa mkwaruzo. Programu za bure kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza kadi na kuisoma tena hadi zikaujua ukweli. Jaribio huchukua muda, nalo ni bora lifanywe siku kadi inaponunuliwa.

Ikiwa jaribio la IO_2 lilifaulu, geukia nyaya za mawasiliano. Pini ya TX (ya kutuma) ya bodi huenda kwenye RX (ya kupokea) ya moduli, na RX ya bodi kwenye TX ya moduli; aliyeunganisha TX kwa TX hatapata jibu kamwe. Graundi za vipande vyote lazima ziwe moja, hata kama vinalishwa kwa njia tofauti. Kasi ya mawasiliano ni biti 9600 kwa sekunde. Kwenye ESP32 epuka pini zinazotumiwa na USB. Pini za 16 na 17 zinafaa kwa bodi nyingi, isipokuwa zile za WROVER ambazo tayari zimezitumia pini hizo kwa kumbukumbu ya ziada. Anayetumia Arduino ya volti 5 aweke rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ya omu 1000 kati ya TX ya Arduino na RX ya moduli, kwa sababu moduli huzungumza kwa volti 3.3.

Programu yenyewe hukosea mara nyingi kwa haraka. DFPlayer huhitaji sekunde moja hadi tatu baada ya kuwaka ili isome kadi, na kadi yenye faili nyingi huichelewesha zaidi, kwa hiyo amri iliyotumwa kabla ya hapo hupotea. Weka kusubiri kwa sekunde tatu mwanzoni mwa programu. Vilevile moduli nyingi zinazouzwa kwa jina hili ni nakala zenye chipu tofauti na ile ya asili, na baadhi hazirudishi jibu la uthibitisho jinsi maktaba ya DFRobotDFPlayerMini (programu ya tayari ya kuiongoza moduli) inavyotarajia. Programu husema moduli haikupatikana ilhali moduli iko tayari kupiga wimbo. Katika amri ya begin ya maktaba hiyo, weka false kwenye nafasi ya pili, yaani usidai uthibitisho, kisha ujaribu tena kabla ya kurudi dukani kugombana na mtu.

Nyimbo zinapigwa ovyo, nyingine zinarukwa

Ukiomba wimbo wa kwanza ukapigiwa wa saba, moduli haijakosea. Amri ya kawaida ya kupiga kwa namba hufuata mpangilio ambao faili zilinakiliwa kwenye kadi, wala haiangalii majina. Ukiwa umefuta na kuongeza nyimbo mara nyingi, mpangilio huo hauna tena uhusiano na unachokiona kwenye kompyuta. Njia ya uhakika ni kutengeneza folda iitwayo mp3, kuzipa faili majina yanayoanza na tarakimu nne, kama 0001.mp3 na 0002.mp3, na kutumia amri ya kupiga kutoka folda hiyo. Wanaotaka albamu tofauti watumie folda 01 hadi 99, zenye faili zinazoanza na tarakimu tatu. Waliotumia kompyuta za Apple wafute pia faili zilizofichwa zinazoanza na nukta na kistari cha chini, kwani moduli huzihesabu kama nyimbo na kunyamaza zamu yake inapofika.

Wimbo unaorukwa kila mara huenda si MP3 kamwe. Nyimbo zinazosambazwa kwa simu, hasa zile zilizopokelewa kama ujumbe wa sauti, mara nyingi ni za muundo wa Opus au M4A, na kubadilisha herufi za mwisho za jina hakubadilishi kilichomo. DFPlayer husoma MP3, WAV na WMA tu. Zigeuze kwa Audacity au ffmpeg ziwe MP3 ya kilohezi 44.1.

Mvumo, mikwaruzo na milio isiyotakiwa

Tafuta kwanza ni lini kelele inakuja. Ikisikika wakati wa kuchaji pekee na kutoweka chaja inapochomolewa, chanzo ni chaja. Jaribu nyingine iliyo bora. Mlio wa tiki-tiki unaokuja kwa mapigo hutoka kwenye simu iliyo karibu inapowasiliana na mtandao wa 2G, na dawa yake ni kuitenga simu na nyaya za sauti. Mlio mfupi kila amri inapotumwa hutoka kwenye laini ya mawasiliano, nao hupunguzwa na ile rezista ya omu 1000, hata kwa ESP32 ambayo kwa upande wa volti haiihitaji.

Mvumo wa kudumu unaobadilika kadiri bodi inavyofanya kazi hutoka kwenye umeme. Kipandisha volti hukata na kuunganisha mkondo mara nyingi sana kwa sekunde, na mabaki ya kazi hiyo huingia kwenye ampilifaya (kikuza sauti) kupitia waya wa umeme na hasa kupitia graundi. Hapa ndipo kuilisha DFPlayer moja kwa moja kutoka TP4056 kunapolipa. Zaidi ya hayo, waya wa graundi wa moduli ya sauti uende wenyewe hadi OUT- badala ya kupitia kwenye bodi, ili mkondo wa Wi-Fi usipite njia moja na sauti.

Mkwaruzo kwa sauti ya juu pekee ni habari nyingine. Kiwango cha sauti cha moduli hii huenda kutoka 0 hadi 30, na spika ndogo ikisukumwa hadi 30 huchanika sauti bila hitilafu yoyote. Ikiwa mkwaruzo unaanza kwenye 15, pima volti kama ilivyoelezwa hapo juu.

Onyo moja kuhusu visikizi: pini za SPK_1 na SPK_2 ni za spika moja tu, na hakuna kati ya hizo iliyo graundi. Tundu la visikizi la milimita 3.5 huunganishwa kwenye DAC_L, DAC_R (sauti ya kushoto na ya kulia) na graundi. Anayeunganisha waya wa graundi wa tundu hilo kwenye SPK_2 anahatarisha ampilifaya ya ndani.

Kitufe kimoja kinaruka nyimbo tatu

Chuma cha kitufe hudunda kinapogusana, na bodi huhesabu kila mdundo. Programu ipuuze mabadiliko yote yanayotokea ndani ya milisekunde 50 baada ya lile la kwanza. Kitufe kinachojibonyeza chenyewe kwenye ESP32 huenda kimeunganishwa kwenye mojawapo ya pini za 34 hadi 39, ambazo hazina rezista ya ndani ya kuzivuta juu. Weka ya nje ya omu 10,000 kwenda volti 3.3, au hamia pini nyingine.

Betri haijai, au inaisha upesi

Taa nyekundu ya TP4056 isiyogeuka buluu hata baada ya usiku mzima haimaanishi kwamba seli ni mbovu. Moduli hukata chaji mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya ule iliopangiwa. Ikiwa imepangiwa ampea 1, kikomo ni miliampea 100, na kifaa kinachocheza muziki huku kikichaji hunywa zaidi ya hizo, kwa hiyo kikomo hakifikiwi kamwe. Zima kifaa unapochaji.

Moduli zenye tundu la USB-C zina kasoro yao: nyingi za bei nafuu hukosa rezista mbili ndogo zinazoitambulisha moduli kwa chaja, kwa hiyo kebo yenye USB-C pande zote mbili haileti umeme wowote. Kebo yenye USB ya kawaida upande wa chaja hufanya kazi.

TP4056 kupata joto ni kawaida, kwa kuwa volti za ziada hugeuzwa kuwa joto. Kisicho cha kawaida ni kuichajia seli bapa ya miliampea-saa 500 kwa ampea 1. Rezista inayopanga mkondo huwa ya omu 1200. Ukiiweka ya 5000, mkondo hushuka hadi karibu miliampea 250, na seli ndogo itadumu. Seli iliyovimba isitobolewe wala kutupwa kwenye taka zinazochomwa mtaani. Itoe kwenye kifaa, funika ncha zake kwa utepe na uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Anayekiendesha kifaa kwa pawabenki wakati stima imepotea anaweza kuona kikizimika baada ya nusu dakika. Pawabenki nyingi hujizima zikiona mkondo mdogo, zikidhani simu imejaa. Kwa upande wa kuisha upesi, mkosaji mkuu ni Wi-Fi na Bluetooth zilizoachwa wazi bila kazi. Zima zote mbili katika programu ikiwa muziki unatoka kwenye kadi.

Kinafanya kazi mezani na kugoma ndani ya matatu

Bredibodi haikutengenezwa kwa barabara zenye matuta. Hamishia saketi kwenye ubao wa kulehemu, na ukague kila kiungo chini ya mwanga mkali: lehemu nzuri huteremka kwa mteremko laini kuzunguka pini, ilhali ile iliyopoa vibaya huonekana kama kitone kilichokaa juu yake, chenye rangi ya kijivu iliyofifia. Gusa kila waya kwa kijiti cha mbao muziki ukicheza. Ule unaokata sauti ndio wa kulehemu upya. Sehemu tatu huchoka mapema, nazo ni tundu la visikizi, kwa kuvutwa, kishikio cha seli, ambacho springi yake hulegea, na kishikio cha kadi, ambacho hukusanya vumbi. Kwa hiki cha mwisho, toa kadi, futa mistari yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu, na uirudishe mara kadhaa kabla ya kuamua moduli imekufa.

Ikibidi kununua moduli nyingine, nenda dukani na kadi yako iliyokwisha kuthibitishwa, spika ndogo na seli yenye chaji, kisha umwombe muuzaji nafasi ya kugusisha IO_2 na graundi pale pale kaunta. Wengi hukubali, na jaribio lenyewe huisha kabla hajamaliza kuandika risiti.